Nyekundu Imeingiaje Hapa?

Steshenari ya shangazi pale Manzese inategemea kompyuta moja ya Pentium 4. Pawasaplai yake, kile kiboksi cha kuigawia umeme, ikaungua, nikatumwa Kariakoo kununua nyingine, na fundi wa mtaani akaitwa kuifunga.

Fundi akaikamata plagi kubwa, akaguna. Plagi ina pini 24, madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ina matundu 20. Ndivyo zilivyo bodi za zamani. Hizo nne za ziada zilianza kuingia mwaka 2003. Bahati nzuri siku hizi zile nne hubanduka. Akazibandua kwa kidole gumba, akachomeka zile 20, akageuka kututazama. Tukampigia makofi.

"Na hicho ulichobaki nacho kinakaa wapi?" shangazi akauliza.

Jamani, fundi haulizwi swali la namna hiyo mbele za watu. Akainamia bodi, akaona jirani na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kuna tundu la pini nne, wazi kabisa. Akachomeka. Likakataa. Akasukuma kwa kidole, kisha kwa mpini wa bisibisi. "Vitu vipya vinabana, mama, kama viatu." Kikaingia kwa mlio uliotufumbisha macho sote.

Akawasha. Feni ikajitikisa, ikalala. Akawasha tena: ikajitikisa, ikalala. Wateja waliokuwa wananuna kwa kucheleweshewa kopi zao sasa wanawekeana dau la soda.

Akasogea mzee mmoja mwenye kofia ya Yanga na mkataba wa pango mkononi. "Kijana, nyekundu imeingiaje hapo?"

"Mzee wangu, huu ni umeme, si mpira."

"Nyekundu haikai hapo. Tafuta yenye njano na nyeusi tupu."

Fundi akapekua nyaya ili tu amnyamazishe. Chini kabisa ya rundo ikachomoza plagi nyingine ya pini nne: njano mbili, nyeusi mbili. Ndiyo yenyewe, volti 12 za prosesa! Ile aliyoishindilia ina njano moja, nyekundu ya volti 5, ya chungwa ya volti 3.3, na nyeusi moja. Umeme ulikuwa unakwenda moja kwa moja kwenye njia ya nyeusi, ile ya kurudishia umeme, pawasaplai inahisi shoti, inajizima kujiokoa.

Safari hii ikaingia bila bisibisi, na feni ikavuma.

Shangazi, Simba wa damu, alimchapia mzee mkataba wake na kumtoza kurasa zote, hata ile iliyotoka nyeupe.