Ogot hakuwa wa vyeo tu

Makala yenu ya kumkumbuka marehemu Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria wa Kenya, ni nzuri, ila mmekazania vyeo: chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, kiongozi wa kamati ya UNESCO ya historia ya Afrika. Sawa. Mimi namkumbuka kwa kuketi na wazee wa Kijaluo na kuandika masimulizi yao, wakati wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba pasipo maandishi hakuna historia. Hapo ndipo alipotuongoza sisi walimu. Hapa Kisumu nawatuma wanafunzi kwa nyanya zao na daftari. Juzi mmoja wa Gem, alikozaliwa Profesa, alirudi na majina ya mababu kurasa mbili. Nyanya kagoma kuendelea mpaka apelekewe ugoro.