Kalamu ya Elfu Sitini na Mkono wa Ami

Ndugu yangu mmoja, mwana wa khalati, ni baharia. Kila akirudi safari huja na kitu ambacho hapa Mombasa hapana mwenye haja nacho, akakitembeza kwa jamaa mpaka kipate wa kukinunua. Mara hii alikuja Kibokoni na kalamu kutoka Hamburg, huko huko inakotengenezwa. Nyeusi, nene kama kidole gumba, utosini ina nyota nyeupe. Montblanc Meisterstück 149.

"Mpya dukani yapita laki moja," akaniambia. "Wewe nipe sitini. Kaa nayo hadi Jumapili. Ukiipenda, pesa. Usipoipenda, kalamu yangu."

Mimi ni karani. Nikajipigia hesabu kwamba kalamu kwangu si anasa, ni chombo cha kazi, kama wavu kwa mvuvi. (Mshahara wangu nao una hesabu yake, lakini usiku huo sikuiita kikaoni.)

Niliikalia kama mtu aliyeletewa posa. Nibu, ile ncha ya kuandikia, ni dhahabu ya karati 18, imechorwa 4810, ambao ni kama urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita. Ile nyota nayo ni theluji ya kileleni. Theluji! Na mimi shati limeniganda mgongoni, pangaboi limesimama, stima zimepotea tangu magharibi. Ukizungusha kitako chake, pistoni hupanda na kunyonya wino. Kuandika, huikandamizi: waigusisha tu karatasini, wino wateremka wenyewe. Niliandika jina langu mara arubaini. Kisha nikaandika la mke wangu mara moja, asije akasema.

Akasema.

"Elfu sitini? Yaandika tu, au na pilau yapika?"

Nikamwambia nitaamua baada ya nikaha ya mdogo wangu, Ijumaa. Mashahidi tulikuwa wawili, mimi na Ami, na nilitaka kuona kalamu inavyotia sahihi kwenye shughuli ya maana. Kusema kweli, nilitaka watu ndio waione.

Nilijiandaa kwa kila balaa. Kanzu ilikuwa mpya, nyeupe pe, na wino ni wa buluu. Joto hutanua hewa iliyomo kalamuni, hewa ikausukuma wino nje, na kalamu isiyojaa ndiyo hatari zaidi. Basi nikaijaza pomoni, nikaitia mfukoni nibu ikitazama juu, nikachukua tuktuk badala ya kutembea na jua la saa tisa. Kila shimo la barabara nilijichungulia kifuani. Hata tone.

Msikitini, baada ya alasiri, sheikh akafungua kitabu. Hati tatu, na kaboni katikati. Nilipoiona ile kaboni moyo ulinishtuka kidogo, nikaunyamazisha. Nikatia sahihi taratibu, kwa mapozi yote.

"Mashaallah," akasema sheikh. Kisha akafunua karatasi ya juu. "Lakini chini haikutoka."

Nakala ya pili nyeupe, ya tatu nyeupe zaidi.

"Shida ni huo mkono wako, mwanangu," akasema Ami. "Mlaini. Lete hapa."

Ami alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini miaka 31, akijaza fomu za nakala nne juu ya makasha. Mpaka leo akiandika vitu vya kununua Marikiti, meza hubaki na alama. Sasa wamwambia nini ami yako, ndani ya msikiti, mbele ya sheikh?

"Polepole, Ami," ndilo lililonitoka.

Akanitazama kama mtu anayefundishwa kula.

Kwaak! Kama kidari cha kuku. Nibu ikafunguka, ncha moja ikaelekea Likoni na nyingine Nyali. Ami hakusimama. Sahihi ikatoka mistari miwili miwili kama reli, ikapenya nakala zote tatu, na ukurasa wa ndoa ya mtu mwingine huko nyuma nao ukapata chake.

"Waona? Imetoka."

Akaipangusa nibu kwa mkono wa kanzu yangu, akanirudishia.

Haluwa ilipopita nilikula vipande vitatu, kwa uchungu. Sheikh aliazima biro kwa mtu wa kahawa, nikatia sahihi upya.

Jumapili ndugu yangu akaja. Akaiinua kalamu dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Hakuuliza kama nimeipenda. Alitoa simu tu, akasema, "Twaanza na ngapi?"

Namtumia elfu tano kila mwezi. Nimebakisha miezi saba.

Juzi Ami alitutembelea, akatia mkono mfukoni. "Niliona siku ile ile kalamu yako ni mbovu," akasema, akanipa biro ya shilingi ishirini. "Shika hii. Hii kandamiza utakavyo."