Bima imeuogopa mto Mirongo. Ina haki?

Juzi nilimsindikiza shangazi kwa wakala wa bima hapa Mwanza mjini. Nyumba yake iko Mabatini, kule chini, hatua chache kutoka mto Mirongo: vyumba vinne, tofali za saruji, bati la msauzi. Wakala, kijana mchangamfu, alikuwa anaandika vizuri tu mpaka alipouliza, "Iko upande gani, mama?" Alipojibiwa, kalamu ikalala mezani. Moto, sawa. Radi, sawa, na kwa radi za Kanda ya Ziwa hilo si jambo dogo. Mafuriko? "Hapo makao makuu hawatakubali, mama yangu."

Nikauliza, kwa ubishi tu, kama nyumba ingekuwa juu mlimani badala ya bondeni. Naye akaniuliza: gari la zimamoto lingefika? Nikakumbuka vile vinjia vya Bugarika na Igogo, ambako saruji, mchanga na maji ya kujengea hupanda kwa kichwa, nikanyamaza.

Tulipotoka shangazi akasema, "Kumbe bima ni ya mtu asiye na shida." Nimekaa na maneno hayo siku kadhaa, na naona yana ukweli, ila si wote.

Tuanze na kampuni, maana ndizo zinazotukanwa zaidi. Bima ya gari inaendeka kwa sababu magari ya mji mzima hayagongani siku moja. Mia wanachangia, watatu wanapata ajali, wale tisini na saba wanawabeba. Mirongo ikivimba usiku mmoja wa Aprili, haichagui watatu. Inaingia mlango hadi mlango, na wote wanakuja na madai wiki ileile. Kampuni ingeweza kuusambaza mzigo huo kwa wanaouza bima mtawanyo, yaani bima ya kampuni za bima zenyewe, lakini hao nao wanatazama ramani ileile na kupandisha bei yao.

Kisha kuna tatizo ambalo sisi wateja hatupendi kulisikia. Anayeomba bima ya mafuriko ni yule ambaye maji yameshamfikia magotini. Mwenye nyumba ya Capri Point, mtaa wa wenye nazo, ambako mawe ni mandhari ya kupigia picha, haji kuomba. Kapu la michango linabaki na wenye hatari tupu, na ada inayotosha kuwalipa wote inakaribia gharama ya kujenga upya. Katika nchi ambayo ada zote za bima ni kama asilimia 2 tu ya pato la taifa, kapu lenyewe lilikuwa dogo tangu mwanzo.

Kwa wenzetu wa ufukweni hoja ya kampuni ina nguvu zaidi. Bima hulipa jambo la ghafla, lisilotarajiwa. Ziwa Victoria halina haraka. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwenye mvua inayoliangukia moja kwa moja, na mlango wake wa kutokea ni mmoja, Mto Nile pale Jinja. Mvua za miaka ya mwanzo ya 1960 zilipandisha kima chake kwa zaidi ya mita 2. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42 na kuivunja rekodi ya 1964, na mwaka 2024 maji yakapita hata hapo. Aliyejenga mchangani baada ya 2020 atasema hakutarajia? Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kampuni itakuuliza: nikukatie bima ya kitu ambacho sheria inasema kisiwepo?

Hapo ndipo shangazi anapopata hoja yake, na mimi nipo upande wake kwa kiasi kikubwa. Serikali inayosema mita 60 ndiyo iliyomletea nguzo ya umeme, bomba la maji na mwenyekiti wa mtaa. Kodi ya jengo analipa, siku hizi kupitia luku, umeme wa kulipia kabla. Milimani, urasimishaji wa makazi umewapa watu vipimo na hati palepale juu ya mawe. Huwezi kumtambua mtu siku ya kodi halafu siku ya mafuriko ukamwita mvamizi.

Pia mafuriko ya Mabatini hayatoki mbinguni peke yake. Mlima unapovuliwa miti, mawe yakachomwa moto yapasuke yawe kokoto, paa zikaongezeka na mitaro ikajaa chupa na mifuko, maji yaliyokuwa yananyweka njiani yote yanashuka bondeni. Shangazi anabeba hatari inayotengenezwa na watu wasioonekana kwenye fomu yake. Kampuni inapima alipo. Haipimi waliomfanya awe hivyo. Kwangu hili ndilo pengo kubwa katika mjadala mzima.

Na anayeumia kwanza si yule anayetaka fidia, ni yule anayetaka mkopo. Benki ikishika nyumba kama dhamana inadai bima. Bima ikikataliwa, nyumba ya milioni 40 inakuwa mapambo mbele ya afisa mikopo. Hata ikipatikana, wengi hawajui kwamba mara nyingi inalinda kwanza deni la benki, wao wanapata kinachobaki. Kuna na mtego wa kupunguza thamani ili ada ishuke. Nyumba ya milioni 40 ukiikatia bima ya milioni 20, ukapata hasara ya milioni 10, utalipwa milioni 5, kwa kuwa kampuni inahesabu kwamba nusu nyingine ulijikatia mwenyewe. Watu hugundua kifungu hicho wakiwa wameshika ndoo za kuchota tope.

Wapo wanaosema serikali ilazimishe kampuni na iwapangie bei. Nawaelekeza California, Marekani. Kule, tangu kura ya wananchi ya 1988, ada za bima ya nyumba hazipandi bila idhini ya kamishna wa bima wa jimbo. Nia ilikuwa njema. Mioto ya misitu ilipozidi, kampuni hazikugombana sana, ziliondoka. Mei 2023 State Farm, kubwa kuliko zote jimboni humo, iliacha kupokea maombi mapya ya nyumba. Januari 2025 Palisades, mtaa wa Los Angeles, ilipoungua, baadhi ya waathirika walikuwa wameshanyimwa kuhuishiwa mikataba yao. Matajiri wa Los Angeles wamejikuta kwenye benchi moja na shangazi yangu, tofauti ikiwa kwamba wao wamekimbiwa, sisi hatukuwahi kufikiwa.

Uingereza walipita njia ninayoiona ina akili zaidi. Mfuko wao wa Flood Re, ulioanza 2016, hukusanya mchango kwa kampuni zote za bima ya nyumba ili wa bondeni wapate bima kwa bei ya kuvumilika. Lakini nyumba iliyojengwa kuanzia Januari 2009 haimo. Aliyekuwepo anabebwa, anayekuja kujenga leo huku akiyaona maji, ajibebe. Hatuna wakata bima wengi kama wao, na mchango wa namna hiyo hapa ungeanza kidogo mno. Tarehe ya ukomo kama hiyo, hata hivyo, haihitaji utajiri. Ingetenganisha kibanda kinachoinuka sasa hivi kandokando ya Mirongo na nyumba ya mwanamke aliyezalia watoto watano humo.

Wakati hilo halipo, ningetaka kampuni ilazimishwe jambo moja dogo: ikikataa, iandike sababu. Barua kumi zinazosema "mtaro wa mtaa fulani umeziba" zina uzito kwenye ofisi ya halmashauri kuliko malalamiko yetu ya kila masika. Sasa hivi kukataliwa kunaishia mdomoni mwa wakala, na elimu yote kampuni iliyo nayo kuhusu bonde letu inabaki makao makuu.

Tetemeko la Kagera la Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitikisa hadi Mwanza, na walioangukiwa na kuta wengi walijenga tena kwa mifuko yao, ndugu na vikundi vya kufa na kuzikana. Shangazi naye yumo kwenye kikundi kama hicho, wanawake thelathini. Tatizo lao ni lile la kampuni: wote wanakaa bonde moja.

Bima ya moto amekata. Hati ameiweka kwenye sanduku pamoja na leseni ya makazi, sanduku ameliweka juu ya kabati. Kisha akamwita fundi amuulize kama kizingiti cha mlango kikiinuliwa kozi mbili kitatosha. Fundi alitazama alama ya maji ya mwaka jana ukutani, akasema tatu.