Trei za Mayai ni za Mayai

Jumamosi iliyopita nilipelekwa Mbagala kuona studio. Aliyenipeleka ni mtoto wa rafiki yangu, ananiita anko, na alikuwa amehangaika miezi minne kugeuza stoo ya nyuma ya nyumba ya babu yake iwe chumba cha kurekodia. Alitaka nikaione kabla hajaanza kuita wateja. Tuliposhuka kwenye bajaji nikasikia biti inagonga, nikamuuliza leo mtaani kwenu kuna shughuli gani. Akacheka kwa aibu. Ilikuwa studio yake, mwenzake yumo ndani anajaribu spika. Na hapo tulikuwa bado nyumba tatu kuifikia.

Tukaingia. Trei za mayai. Ukutani trei, darini trei, nyuma ya mlango trei, zote zimepakwa rangi nyeusi na kubandikwa kwa gundi ya mbao, mistari imenyooka utadhani kazi ya fundi vigae. Trei 240, kazihesabu mwenyewe. Fundi alimtoza shilingi 800,000 na kumhakikishia kwamba hata bomu likilipuka humu ndani, nje hawatajua. Bomu sijui. Mimi nilikuwa nimesikia hadi anayeimba anavyovuta pumzi.

Sikumwambia kitu pale pale, maana macho yake yalikuwa yananisubiri nisifie. Nikasema "hongera, umejitahidi", nikarudi nyumbani na uongo wangu. Sasa naandika nikiwa bado nina hasira, na hasira yenyewe si kwake.

Nikiri kwanza: ujinga huu niliufanya mimi mwenyewe, tena kwa trei za bure. Banda langu la uani hapa Tabata lilikuwa la kuku wa mayai. Mke wangu alifuga miaka mitatu, kikaja kideri, wiki moja wamekwisha wote. Tukabaki na banda la mita 4 kwa 3 na lundo la trei limefika juu. Mtu ukiwa na banda tupu, trei mia tatu na hamu ya kurekodi, unaona kabisa Mungu anakusemesha.

Nikabandika. Siku ya tatu natoka kwenda dukani, jirani yangu, mama mmoja wa makamo ambaye kamba zake za nguo ziko upande wa pili wa ukuta, akanisimamisha.

"Jirani, yule kijana wa jana usiku, ule mstari wake wa pili mbona kila akifika anajikwaa? Mwambie aondoe hilo neno 'kwamba', utakaa."

Tuliliondoa 'kwamba', mstari ukakaa. Yule mama ana sikio, Mungu amjalie. Lakini sikujenga studio ili nipate mhariri anayefua.

Hebu tupime. Trei tupu ya mayai 30 haifiki gramu mia. Kufunika mita moja ya mraba ya ukuta unahitaji trei kama 11, na zote pamoja hazitimizi kilo moja. Mita hiyo hiyo ya ukuta wa tofali la inchi 6, la kujaa, lililopigwa plasta, inakaribia kilo 300. Sauti ni hewa inayotikisika, na kinachoikatalia kupita ni uzito ambao hewa haiwezi kuusukuma kirahisi. Ukiufanya ukuta uwe mzito mara mbili, unapunguza sauti inayopenya kwa desibeli kama 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sasa mtu ana ukuta wa kilo 300 kila mita, sauti inatoka, halafu anaongeza robo tatu ya kilo ya karatasi iliyosagwa ije imsaidie!

Ukuta haukushindwa. Ukuta uko kazini tangu siku ulipojengwa. Inyanyue shingo utazame juu yake, pale tofali linapokutana na bati. Bati lina migongo na mabonde, na fundi aliyeezeka hakuziba kitu kwa sababu stoo inahitaji hewa. Juu ya dirisha kuna tofali za matundu. Chini ya mlango panapita kidole, kwangu palikuwa panapita panya. Waya wa umeme umeingia kwenye tundu lililotobolewa kwa nondo na halikurudishiwa saruji. Na wewe umesimama katikati ya hayo yote unapaka trei rangi nyeusi.

Hapa ndipo ninapogombana na watu, kwa sababu kila mtu anadhani tundu dogo ni jambo dogo. Uwazi ukifika asilimia moja tu ya eneo la ukuta, ukuta huo hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata uujenge kwa zege nene kama ngome ya Mreno. Asilimia moja ni kitu gani? Ukuta wa mita 4 kwa mita 2.5 ni mita 10 za mraba. Ukiacha inchi moja juu yake, kutoka kona hadi kona, asilimia yako moja ndiyo hiyo imetimia. Spika zikipiga desibeli 95 ndani, kule nje zinatoka na 75. Jirani bado anaongeza sauti ya televisheni. Unaweza kuleta tofali mara mbili, mara tatu, ukaongeza plasta mpaka fedha ikuishie, ile 75 haishuki, maana sauti haina shida na tofali zako. Imeshapata njia.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi Pangani. Desibeli hakuzijua, alijua kalafati. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa karibu yake ananifukuza, anakaa na pamba iliyolowana mafuta, anaisokota, anaisindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti, tok tok tok, anasogea nusu hatua, tok tok tok. Siku nzima kwa mshono mmoja. Nilimuuliza kwa nini asiweke mbao nene zaidi ili amalize haraka. Alinitazama kama nimetukana. Kwake maji hayaingii kwenye ubao. Yanaingia kwenye mshono. Miaka arobaini baadaye nimepanda ngazi ndani ya banda la kuku nimeshika bomba la silikoni, nasikia ile tok tok.

Kipimo chake hakina gharama. Subiri usiku, washa taa ndani, funga mlango, toka nje uzunguke banda taratibu. Panapovuja mwanga, sauti inapita. Mimi nilihesabu sehemu 14 kwenye banda nililokuwa naliita studio, na moja ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliona kiti changu.

Nilizibandua trei zote. Nikaziba tofali za matundu kwa tofali halisi, nikajaza migongo ya bati kwa saruji, kisha nikapitisha silikoni kila penye ufa, hata pale ambapo mke wangu alisema sasa unaumwa. Milango ikawa miwili, wa nje na wa ndani, yote ya mbao nzito, na pembeni nimezungushia ule mpira wa milango ya gari wanaouza kwa wauza spea wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar. Halafu nikajenga chumba ndani ya chumba: fremu ya mbao isiyogusa ukuta wa nje popote, mbao za jipsamu mbilimbili, katikati pamba ya mawe, yaani nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa. Dari ya ndani imelala juu ya kuta za ndani. Haikuning'inizwa kwenye kenchi, maana ukiigusisha kenchi umelikaribisha bati na mvua yake. Fundi jipsamu alinibishia siku mbili kuhusu hilo, na nilimkuta mara moja kaweka kipande cha ubao kuunganisha fremu na ukuta "ili isicheze, mzee". Nikamwambia nataka icheze. Alinionea huruma.

Kwenye mita 4 kwa 3 nimebakiwa na kama 3.4 kwa 2.4. Inauma. Na masika mvua ikishuka kwa hasira, mngurumo bado naupata, naacha kazi nachemsha chai. Unyevu ukizidi, banda linakumbuka kuku. Waimbaji wananiuliza harufu gani hii, nasema ni mbao.

Sasa trei zinafanya nini? Haya, nakubali kwa shingo upande: zinakausha kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, zile "sss" na "shhh". Lakini kukausha sauti ndani ya chumba na kuizuia isitoke ni kazi mbili tofauti, na yule fundi wa Mbagala aliuza ya kwanza kwa bei na jina la ya pili. Tena hata hiyo ya kwanza ni nusunusu. Trei ina kina cha inchi mbili. Wimbi la besi la hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, refu kuliko banda lenyewe. Besi inazipita trei bila hata kuzisalimia. Matokeo yake ni chumba kilichokula sauti za juu na kuacha za chini zikivimba, ukirekodi humo unasikika kama mtu aliyefunikwa na sufuria.

Hewa: kiyoyozi hakileti hewa mpya, kinapoza ile ile, kwa hiyo tengeneza njia ya hewa yenye kona kona ndani ya kisanduku, la sivyo watu watatu mtaanza kusinzia mkidhani ni biti mbaya.

Na sponji. Hapa naomba utani tuuweke pembeni. Sponji za magodoro zinazobandikwa studio kila mahali, pamoja na hizo trei za karatasi na gundi yake, zinashika moto upesi, na moshi wa sponji unaua kabla mwali haujakufikia. Februari 2003, kule Rhode Island, Marekani, ukumbi mmoja wa muziki uliungua, fataki za jukwaani zilishika sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia kelele. Watu 100 walikufa. Januari 2013, Santa Maria, Brazil, mambo yale yale, sponji ile ile ya kuzuia sauti, watu 242. Sisi hatupigi fataki studio, lakini angalia vyumba vyetu: dirisha limezibwa kwa tofali, mlango ni mmoja, na ekstensheni moja imebeba kompyuta, spika, feni na birika la chai. Yule mtoto wa Mbagala alikuwa na komeo kwa nje. Kwa nje! Studio yangu milango yote miwili inasukumwa kutokea ndani bila ufunguo, na kizimamoto kiko karibu na kiti. Kama hela inatosha kimoja tu kati ya maikrofoni mpya na kizimamoto, tafadhali.

Kuna atakayeniambia singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar, inayochezwa mpaka kumbi za Ulaya imetoka vyumba vidogo vya Mburahati, na hakuna aliyeuliza habari za pamba ya mawe. Kweli kabisa. Biti inatengenezwa ndani ya kompyuta, na jirani wa Mburahati ana moyo kuliko jirani wa Tabata. Kama unarekodi sauti ya mtu mmoja tu na mdomo uko karibu na maikrofoni, usijenge chochote: tundika mablanketi mazito mawili nyuma ya mwimbaji, au msimamishe mbele ya kabati la nguo lililofunguliwa, rekodi saa nane usiku majogoo wakiwa wamelala. Nasema hivi kwa dhati. Ninachokataa ni mtu kulipa laki nane kwa kitu ambacho blanketi la bibi linakifanya vizuri zaidi.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi. Miaka ya RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zilibeba magitaa kwenda Barabara ya Pugu na kusubiri zamu. Leo mtoto wa Mbagala anaweza kufanya kazi hiyo nyuma ya nyumba ya babu yake, kwa vifaa vinavyoenea kwenye begi la shule, na kitu pekee kilichosimama kati yake na kazi safi ni inchi moja ya uwazi juu ya ukuta. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Jana nilimpigia simu. Nikamwambia ukweli, wote, hata ule wa "hongera". Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo anko, zile zote nibandue?" Nikamwambia abandue, usiku awashe taa azunguke nje na kalamu. Saa nne akanitumia ujumbe: sehemu 22, na babu yake ndiye aliyeona nyingi zaidi.

Jumamosi naenda na ngazi. Trei kuna mama mmoja mfugaji kule Chanika amekubali kuzichukua zilizobanduka nzima, ila anauliza kwa nini ni nyeusi, na kama rangi haitashika kwenye mayai.