Ramani ya magari ya Kusini: kompyuta ichore, ila konda aulizwe kwanza

Jamani hivi kwa nini Mtwara hatuna hata ramani moja ya magari ya abiria? Mgeni akishuka stendi anaanza kusimamisha watu, "samahani kaka, ya Mikindani yanapakilia wapi", na bodaboda ashamuona zamani.

Na siku hizi kuchora kwenyewe wala si kazi ya mkono. Huu mtindo wa kuchora ramani za usafiri kwa mistari iliyonyooka alikuja nao Harry Beck kule London, ramani yake ya treni za chini ya ardhi ikatoka 1933, umbali halisi akautupa maana abiria wa treni anachotaka kujua ni anashuka wapi na anabadilishia wapi, basi. Leo kuna programu kama LOOM, ya Chuo Kikuu cha Freiburg Ujerumani, unaipa faili la ruti na vituo inakuchorea.

Mi kinachonikosha ni inavyopanga mistari. Chukua njia ya Mtwara mpaka Mnazi Mmoja pale Mingoyo, magari ya Lindi, ya Dar, na ya Masasi ya kupitia Ndanda yote yanapita humohumo, kwa hiyo kwenye ramani mistari inaenda bega kwa bega. Pale Mnazi Mmoja, ya Masasi yanakata kushoto, ya Lindi na Dar yanaenda kulia, sasa mstari wa Masasi usipokaa kushoto tangu Mtwara utakuja kuwakata wenzie pale njia panda na ramani itakuwa kama wavu uliojisokota. Hapo kwetu utapanga kwa macho tu, ila kwenye mji wa ruti mia hata kompyuta inatoka jasho.

Sasa hilo faili linatoka wapi? Nairobi, ule mradi wa Digital Matatus, ilibidi watu wapande matatu (daladala za kule) na simu zao wakirekodi njia na vituo, ndo ramani ikatoka 2014. Hapa kwetu kituo chenyewe "nishushe kwenye mwembe". Halafu kuna Masasi ya kupitia Ndanda na Masasi ya kupitia Newala, we jaza "Masasi" tu uone, mtu wa Ndanda atashtukia yuko Tandahimba, njia ya Newala! Programu haitajua, konda anajua, tena ukimnunulia soda atakutajia vituo vyote mpaka vile vya kushusha magunia.

Na ikichorwa isiishie kwenye simu, ibandikwe stendi, herufi kubwa, bibi anayewahi hospitali Ndanda hana bando.