Jenereta kwenye shafti ya turbo

Wiki iliyopita nilikaa pale Gerezani kwa fundi wa turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie injini hewa. Aliishika shafti kwa vidole viwili, akaisukuma juu na chini kusikilizia kama inacheza, kisha akaizungusha. Ikazunguka kimya kabisa. Nikamwambia, "Fundi, hapo mwisho ukifunga sumaku, ukaweka na koili pembeni, una jenereta." Akauliza, "Sasa gia inakaa wapi, kaka?"

Haipo, na hicho ndicho kinachonivutia. Jenereta kubwa za dizeli tunazozisikia Kariakoo umeme ukikatika huzunguka mara 1,500 kwa dakika, ili zitoe hezi 50, yaani umeme unaogeuka mara 50 kwa sekunde kama ule wa gridi. Turbini ndogo, yaani injini inayochoma gesi au mafuta na kuzungushwa na moshi wake kama turbo, mfano Capstone ya Marekani ya kilowati 30, huzunguka mara 96,000, na sumaku za jenereta zimo kwenye shafti hiyohiyo. Mwendo ni mara 64, kwa hiyo kwa kilowati zilezile nguvu ya kusokota inayohitajika ni moja ya 64 tu. Ndiyo maana jenereta yake ni ndogo mno. Umeme wake una hezi nyingi kupita kiasi, kwa hiyo hugeuzwa kwanza kuwa kama wa betri, ndipo inveta iurudishe kwenye hezi 50. Shafti huelea juu ya utando wa hewa, hakuna oili ya kumwaga.

Mwenye duka asihangaike na turbini hii. Katika lita nne za mafuta, takribani moja tu ndiyo inayokuwa umeme. Dizeli nzuri inaishinda, na joto letu la Januari huipunguzia nguvu zaidi. Lakini moshi wa turbini hutoka na joto la nyuzi zaidi ya 250, na gesi ya Songo Songo inafika Dar tangu 2004. Hospitali au dobi mkubwa aliye karibu na bomba, anayechemsha maji kutwa, angepata umeme na maji moto kwa gesi ileile. Huko ndiko naamini tuanzie, na mafundi wa turbo wafundishwe mapema, maana mikono yao tayari inazijua shafti hizi.

Yule wa Gerezani alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa mwendo huo, sumaku si zitapasuka?" Nikamweleza kwamba huvishwa koti gumu, mara nyingi la nyuzi za kaboni, linalozibana zisitawanyike. Akachukua kipande cha kalamu, akaomba nimchoree.