Anayejitolea kwa Mazingira: Moyo, Cheti au Posho?

Tarehe 3 Mei 2008, watu wapatao 50,000 nchini Estonia walijitolea kuingia misituni na kando ya barabara, wakazoa takriban tani 10,000 za taka kwa siku moja. Wanaoamini kwamba uchungu na mazingira unatosha kumtoa mtu nyumbani hupenda mifano ya aina hii. Na kweli unatosha, kwa siku moja. Ugumu uko kwenye Jumamosi ya tano, kamera zimeshaondoka na kilichobaki ni kumwagilia miche.

Wapo wanaoshikilia kwamba kujitolea hasa hakuna chembe ya masilahi. Kwao, kijana anayekuja kupanda miti ili apate cheti, au aliyefuata marafiki, ni msindikizaji tu. Hoja yao ina uzito. Anayefuata picha utakuta ameuchomeka mche ardhini pamoja na kifuko chake cheusi cha plastiki, mizizi imebanwa, mradi picha imetoka. Mche huo haufiki mbali.

Lakini sioni kama nia safi ndiyo inayodumu. Mwaka 1995 wanasaikolojia Allen Omoto na Mark Snyder walichapisha utafiti uliofuatilia watu waliojitolea kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI nchini Marekani. Waliodumu zaidi walikuwa wale waliotaka na wao wapate kitu: kujifunza, kujiendeleza, kujiona wa thamani. Si utafiti wa misitu, ila anayeendesha kikundi cha mazingira hatashangaa. Angalia Hesabu ya Ndege ya Krismasi, ambapo watu hujitolea kila mwaka kuhesabu ndege, iliyoanza Amerika Kaskazini mwaka 1900 ikiwa na washiriki 27 tu, na mpaka leo inaendelea. Siamini kwamba watu huamka alfajiri kwenye baridi kwa ajili ya wajibu mtupu. Kuna raha ya kumtambua ndege kwa sauti yake kabla ya mwenzako, na kuna kutambiana kidogo.

Pesa ndiyo inayoleta mgogoro. Watu wakizoea posho, siku ikikatwa nao hukatika. Ila tukisema isiwepo kabisa, kazi hii tumewaachia walioshiba, maana kwa anayeishi kwa kibarua, siku ya kujitolea ni siku isiyo na mlo. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, nchini Kenya mwaka 1977, alikuwa na jibu ninalolipenda: wanawake waliopanda walipewa malipo madogo kwa miche iliyoshika. Pesa hiyo haikuwa ya kuhudhuria. Ilimfanya mtu arudi kuutazama mche, na anayerudi mara kwa mara huanza kuuona kuwa wake.

Halafu kuna jambo ambalo mabishano haya ya nia huliruka. Mtu amefika saa moja asubuhi, majembe hayajaletwa. Saa nne bado anasikiliza hotuba za wageni rasmi. Akipewa kazi, ni kung'oa magugu, na hakuna anayemweleza kwa nini hili ling'olewe na lile liachwe, wala hatapata habari kama eneo lile lilipona. Msimu unaofuata haonekani, na viongozi wanalalamika kwamba watu wa siku hizi hawana moyo. Kabla ya kuupima moyo wake, mimi ningeuliza kwanza majembe yalikuwa wapi.